Mwalimu Nyerere na Bomu la Atomiki

Mtu wa Katandala, hapa Sumbawanga, alimaye mahindi, ulezi na maharagwe katika uwanda wa juu wa Ufipa, aweza kudhani kwamba habari za silaha za atomiki hazimhusu. Ni habari za watu wenye fedha nyingi na hofu nyingi, wakaao mbali. Wasomaji wetu watuwie radhi tukisema ya kuwa sivyo. Urani iliyotiwa katika bomu lililouteketeza mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, siku ya sikukuu ya Kung'ara Bwana, kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe katika Katanga, yaani ng'ambo ya Ziwa hilihili la Tanganyika wanalovua watu wa Kirando na Kasanga. Siku tatu baadaye bomu la pili liliangukia Nagasaki, likabomoa kanisa kuu la Urakami na kuwaua waamini waliokuwamo. Basi udongo wa Afrika umekuwamo katika jambo hili tangu siku ya kwanza.

Sauti ya Afrika ilichelewa kidogo. Juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu mmoja aliyeitoa, naye ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Picha yake imo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, na habari za Azimio la Arusha, za vijiji vya Ujamaa na za vita vya Kagera zajulikana hata na watoto wa shule. Walakini ni wachache wakumbukao kwamba tangu mwaka 1984 alikuwa mmoja wa viongozi sita waliosimama kati ya Marekani na Urusi, wakataka mashindano ya silaha yakome. Tena liko swali linaloulizwa mara nyingi tangu kesi ya kumtangaza Mwenye Heri ilipofunguliwa katika Jimbo la Musoma, na Mwalimu akaanza kuitwa Mtumishi wa Mungu: yawezekanaje mtu aliyepeleka jeshi hata mji mkuu wa jirani yake aitwe mpenda amani? Hukumu ya utakatifu si yetu, ni ya Kanisa. Lakini swali la amani laweza kutazamwa katika maisha yenyewe, pamoja na yale yasiyopendeza.

Alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Viktoria, tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki na mama Mugaya. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, akaendelea Tabora, kisha Makerere. Alibatizwa mwishoni mwa mwaka 1943. Alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe, akasoma Edinburgh katika Uskoti, akarudi akafundisha Pugu. Alikuwa angali mwalimu wa Pugu TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954. Haya yameandikwa mara nyingi, wala hatuna haja ya kuyarefusha.

Jambo moja tu la miaka ile hatutaki lipite. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Kila baada ya miaka mitatu Umoja huo ulipeleka wajumbe wake kuzunguka nchi, kuwasikiliza watu, na kuandika taarifa ambayo Waingereza hawakuweza kuificha. Wajumbe wa mwaka 1954 waliandika kwamba nchi hii yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 au 25, na Serikali ya kikoloni ikachukizwa mno. Mwezi Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini. Wajumbe wale hawakuwa na bunduki hata moja. Walikuwa na macho, kalamu, na ruhusa ya kuingia. Kijana yule wa Butiama aliona mapema kwamba jicho la mtu wa tatu laweza kumlazimisha mwenye nguvu kusema kweli, nasi twaona kwamba somo hilo halikumtoka kamwe.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imekwisha kulipua bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Sahara, tarehe 13 Februari 1960. Nayo iliendelea hata mwaka 1966, milipuko 17 kwa jumla, katika bara ambalo halikuulizwa. Mwezi Aprili 1963 Papa Yohane wa 23 alitoa barua yake Pacem in Terris, akiwaeleza watu wote wenye mapenzi mema kwamba amani ya kweli haiwezi kusimama juu ya usawa wa silaha, bali juu ya kuaminiana tu. Mwaka uleule Tanganyika ikatia sahihi mapatano ya kukataza majaribio ya mabomu hayo hewani, majini na katika anga za juu.

Kisha ukaja mkutano wa Cairo. Mwezi Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walipitisha huko maazimio mengi, na kati yake mawili yanatuhusu. La kwanza, lililoletwa na Nyerere mwenyewe, lilisema kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru wake. La pili lilisema Afrika iwe bara lisilo na silaha za atomiki. Waandishi wengi huyaeleza maazimio haya mbalimbali, kana kwamba hayajuani. Sisi twayaona kuwa ndugu. Mipaka ile ilichorwa na wageni na ilikata watu katikati. Huku kwetu iliwagawa Wamambwe na Walungu, nusu upande huu na nusu upande wa Zambia. Nyerere alijua kwamba ni mibaya. Aliona pia kwamba kuugusa mmoja ni kuiamsha yote. Nchi isiyo na hofu juu ya mpaka wake haina sababu kubwa ya kutamani silaha za kutisha, na nchi yenye hofu hiyo itazitafuta hata ikiwa watu wake hawana chumvi.

Lakini azimio ni rahisi kuliko jirani. Malawi ilipodai kwamba Ziwa Nyasa lote ni lake hata ufuko wa Tanzania, Mwalimu mwaka 1967 alishikilia kwamba mpaka upite katikati ya maji, na mtu aweza kuuliza kama dai hilo lilipatana vema na azimio lake la Cairo. Jambo la kushukuru ni kwamba nchi hizi mbili zilibishana bila kupigana.

Mwaka 1968 Mwalimu aliushangaza ulimwengu. Mataifa makubwa yalileta mbele ya Umoja wa Mataifa mapatano ya kuzuia silaha za atomiki zisienee katika nchi nyingine. Nchi 95 zilikubali. Nne tu zilikataa, na Tanzania ilikuwa mojawapo, pamoja na Zambia, Albania na Kuba. Je, Mwalimu alikuwa ameanza kuyapenda mabomu? Hasha. Kosa la mapatano yale, kwa macho ya wengi waliokuwa nje ya mataifa makubwa, lilikuwa katika mizani. Nchi tano zilizokwisha kupata silaha ziliruhusiwa kubaki nazo kwa ahadi ya kuzungumza baadaye juu ya kuzipunguza, na nchi nyingine zote zilitakiwa kuapa mara moja na kukaguliwa. Mlevi alikuwa akiwakataza watoto pombe huku chupa iko mkononi. Hata hivyo sisi hatuoni kwamba kura ile iliwasaidia watu. Mapatano yaliyopinda yalizuia mengi ambayo kukosa mapatano kusingalizuia, na Tanzania yenyewe iliyakubali mwaka 1991, wakati Mwalimu amekwisha kuondoka madarakani.

Twaja sasa kwenye jirani wa kaskazini. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliitwaa Serikali ya Uganda, Milton Obote akiwa safarini. Mwalimu alimpokea Obote Dar es Salaam, akakataa katakata kumtambua Amin wala kuketi naye meza moja. Mwezi Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliondoka katika ardhi ya Tanzania wakaivamia Uganda, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikaja kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Si haki kusimulia habari hii kana kwamba upande wetu haukuwa na mkono. Mwezi Oktoba yalifanywa mapatano Mogadishu, kila nchi irudishe majeshi yake kilometa 10 kutoka mpakani. Mapatano yale yalizima ndimi za moto, makaa yakabaki. Kwa miaka sita kila upande ulisikiliza uvumi wa upande wa pili, na uvumi ndio chakula cha hofu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Yaliua, yalipora, yalivunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto ni sehemu ya Uganda. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaomba wapatane, usiseme nani ameanza. Mwalimu hakuliona jambo hilo kuwa usuluhishi. Jeshi letu liliwafukuza wavamizi, kisha halikuishia mpakani. Lilipita Masaka na Entebbe, na tarehe 11 Aprili 1979 likauteka mji wa Kampala. Mwezi Julai mwaka huo, katika mkutano wa Monrovia, wakuu wenzake wengine walimlaumu hadharani, na azimio la Cairo juu ya mipaka likageuzwa kuwa fimbo ya kumpiga yeye aliyelileta.

Sisi tuandikao tulizaliwa baada ya vita vile, lakini tulilelewa na watu walioilipa gharama yake. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500 za Marekani, nayo ilimpata mtu maskini wakati bei ya mafuta inapanda. Wazazi wetu walipanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni. Kuwafukuza wavamizi kulikuwa haki, na mafundisho ya Kanisa hayamkatazi mtawala kuwalinda watu wake. Kuendelea hata Kampala ni jambo ambalo watu wema hawapatani juu yake hata leo, na hatudhani kwamba ukurasa huu utawapatanisha.

Kuna ugomvi mwingine wa miaka ileile, usio na mizinga, ambao kwa maoni yetu ulimfundisha Mwalimu zaidi. Ni ugomvi na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na reli moja, bandari, shirika moja la ndege, posta na simu. Kwa kuwa Mwalimu hakukubali kuketi na Amin, baraza la marais watatu halikukutana tena tangu mwaka 1971, na nyumba isiyo na kikao huanza kuvuja. Mwaka 1977 ikaanguka. Kila nchi ilikamata kilichokuwa ndani ya mipaka yake: ndege hapa, mabehewa kule, meli za ziwani kule kwingine. Mwezi Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ndugu waliokaa pande mbili za Namanga, Taveta na Sirari walijikuta wageni, na mpaka ule ulikaa umefungwa zaidi ya miaka sita. Hapa Ufipa twajua habari za namna hiyo tangu zamani, maana falme mbili za Nkansi na Lyangalile zilizogombania nchi hii katika karne ya 19 zilitawaliwa na watu wa nasaba moja. Ugomvi wa ndugu huwa mkali kwa sababu kila mmoja ajua mali ya mwenzake.

Nani aliufungua mpaka ule? Si hotuba, ingawa hotuba hazikukosekana. Alitafutwa mtu wa Uswisi, Victor Umbricht, asiye na shamba wala ndugu Afrika Mashariki, akapewa kazi ya kuhesabu. Alihesabu deni na mali, reli na majengo, akapima thamani ya kila kitu na kueleza nani amechukua kupita fungu lake na nani anadai. Kazi hiyo ilichukua miaka. Wengi waliidharau kuwa kazi ya karani, lakini wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki nao ni mali. Kila nchi ilikuwa imejiaminisha kwamba imeibiwa. Hesabu ilipowekwa mezani, iliyoandaliwa na mtu ambaye wote watatu walimkubali, shutuma zikapungua sauti. Mwezi Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha na mpaka ukafunguliwa. Tarehe 14 Mei 1984 nchi tatu zikatia sahihi Arusha mapatano ya kugawana mali na madeni.

Twawaomba wasomaji waitazame tarehe hiyo. Siku nane tu baadaye, tarehe 22 Mei 1984, Mwalimu Nyerere alitoa pamoja na viongozi wengine watano wito kwa mataifa yenye silaha za atomiki. Wenzake walikuwa Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Uswidi, Miguel de la Madrid wa Meksiko, Raúl Alfonsín wa Ajentina na Andreas Papandreou wa Ugiriki. Walitoka katika mabara matano, na hakuna hata mmoja aliyetawala dola yenye nguvu za kutisha. Mashauri yao yalikuwa ya wazi: mataifa hayo yaache kujaribu, kutengeneza na kusambaza silaha hizo, kisha yaanze kuzipunguza.

Ilikuwa saa mbaya. Marekani na Urusi zilikuwa na silaha za atomiki karibu zote kati ya zaidi ya 60,000 zilizokuwapo duniani katika miaka ile. Mazungumzo yao ya Geneva yalikuwa yamevunjika mwishoni mwa 1983. Mwezi Septemba mwaka huo mitambo ya Urusi ilionyesha kwamba makombora ya Marekani yanakuja, na ofisa mmoja wa zamu, Stanislav Petrov, akaamua kwamba mitambo inadanganya. Akawa amesema kweli. Mwaka huohuo wanasayansi wa Marekani, Carl Sagan akiwa miongoni mwao, walitoa hesabu zao juu ya moshi. Miji mikubwa ikiungua yote pamoja, walisema, moshi wake ungepanda juu mno, ungefunika jua kwa miezi mingi, na mazao yangekufa kwa baridi hata katika nchi zilizo mbali na vita. Mtu wa Sumbawanga aijua baridi ya Juni na Julai. Na aifikirie ikija Januari, mahindi yakiwa yamefika magotini.

Hapo ndipo mkulima wa nchi isiyo na bomu alipopata haki ya kusema. Hata wakati ule wako waliomcheka Mwalimu. Walisema kwamba nchi isiyoweza kujaza maduka yake sukari imewezaje kuwashauri wenye makombora. Lakini neno lake lilikuwa neno la jirani wa nyumba inayochomwa. Haulizwi ana fedha kiasi gani kabla ya kupiga kelele.

Indira Gandhi aliuawa tarehe 31 Oktoba 1984, na mwanawe Rajiv akashika nafasi yake. Viongozi sita walikutana Delhi tarehe 28 Januari 1985. Mwezi Novemba mwaka huo Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake. Kazi hii hakuiacha. Tarehe 28 Februari 1986 Palme alipigwa risasi barabarani Stockholm, akitoka sinema na mkewe. Mwezi Agosti 1986 waliobaki walikutana Ixtapa katika Meksiko, naye Nyerere alikuwako, sasa bila kiti cha Serikali.

Mkutano wa Ixtapa ndio kiini cha habari yetu. Urusi ilikuwa imesimamisha majaribio yake tangu tarehe 6 Agosti 1985. Marekani haikufuata, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba hakuna njia ya kuhakikisha kama Warusi hawalipui kwa siri chini ya ardhi. Basi wale sita wakasema: sisi tutatazama. Walitoa hati ya kueleza jinsi ya kufanya. Bomu likilipuka chini ya ardhi, ardhi hutetemeka, na mtetemo huo husafiri mbali kama wa tetemeko la kawaida. Vyombo vya kupima tetemeko, vikiwekwa vema, huweza kuutambua. Walikuwa tayari kutoa wataalamu wao wakae kwenye viwanja vya majaribio vya pande zote mbili, wapime na kutoa taarifa. Wasomaji waliotufuata tangu mwanzo watawatambua wajumbe wale wa udhamini wa mwaka 1954, na karani yule wa Uswisi mwenye daftari.

Marekani haikukubali. Mapema mwaka 1987 Urusi nayo ikaanza tena kulipua. Ukihesabu kwa matokeo ya papo hapo, wale sita walishindwa. Walakini mwezi Desemba 1987 Reagan na Gorbachev walitia sahihi Washington mapatano ya kuharibu makombora ya masafa ya kati, na humo, kwa mara ya kwanza, kila upande ulikubali wakaguzi wa upande wa pili waingie katika viwanda na kambi zake. Makombora 2,692 yaliharibiwa mbele ya mashahidi. Hatuwezi kudai kwamba ni kazi ya Ixtapa. Twasema tu kwamba jambo lililodaiwa kuwa haliwezekani mwezi Agosti mwaka mmoja, lilitiwa sahihi mwaka uliofuata.

Lililotugusa zaidi ni yale yaliyowapata wenzake Mwalimu nyumbani kwao. Ajentina na Brazili zilikuwa zimeshindana miaka mingi, kila moja ikishuku kwamba mwenzake anatengeneza bomu kwa siri. Tarehe 30 Novemba 1985 Alfonsín alikutana na Rais Sarney wa Brazili Foz do Iguaçu, mpakani, wakaanza kufunguliana milango. Mwaka 1987 Alfonsín alimpeleka Sarney akaone kiwanda cha Pilcaniyeu, kilichokuwa siri kubwa ya Ajentina. Mwaka 1991 nchi hizo ziliunda shirika moja la ukaguzi: mtaalamu wa Ajentina akague mitambo ya Brazili, na wa Brazili akague ya Ajentina. Shirika hilo lingaliko.

India ni habari ya namna nyingine, na kwa ajili ya ukweli hatutaificha. Ilikuwa imelipua kifaa chake cha kwanza mwezi Mei 1974, chini ya Indira Gandhi huyohuyo aliyetia sahihi wito wa 1984. Tarehe 31 Desemba 1988, Rajiv akiwa Waziri Mkuu, India ilipatana na Pakistan kwamba hakuna atakayeshambulia mitambo ya atomiki ya mwenzake, na tangu mwaka 1992 hupelekeana orodha ya mitambo hiyo kila tarehe 1 Januari, hata katika miaka ya uhasama mkali. Orodha ni kitu kidogo. Lakini majirani wasiosalimiana huandikiana barua mara moja kwa mwaka. Mwaka 1995 India ilimpa Mwalimu tuzo ya amani yenye jina la Gandhi, akiwa mtu wa kwanza kuipokea. Na mwezi Mei 1998 ikalipua mabomu tena, Pakistan ikajibu katika mwezi huohuo. Twadhani habari hiyo ilimchoma.

Kusini, mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotumaini mtu yeyote. Kwa miaka mingi Mwalimu alikuwa mwenyekiti wa nchi zilizo mstari wa mbele, zilizopakana na utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini au kuwa karibu nao, na utawala huo ulikuwa ukitengeneza mabomu kwa siri. Tarehe 24 Machi 1993 Rais de Klerk alikiri kwamba yalitengenezwa sita, yakavunjwa yote, na wakaguzi wa kimataifa walikwenda kuhakikisha. Tarehe 11 Aprili 1996, miaka 33 kamili tangu siku ya Pacem in Terris, nchi za Afrika zilitia sahihi Cairo mapatano ya kulifanya bara zima lisiwe na silaha za atomiki. Yaliitwa Pelindaba, kwa jina la mahali pale pa utafiti wa atomiki huko Afrika Kusini, nayo yalianza kutumika tarehe 15 Julai 2009. Azimio la mwaka 1964 lilikuwa limengoja miaka 45.

Mwalimu hakuiona siku hiyo. Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa Burundi. Watu wa huku kwetu wanajua kwa nini: wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokewa Katumba, karibu na Mpanda, palipokuja kuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, na wengi wao walizaa na kuzeeka huko. Tangu mwaka 1996 alikuwa msuluhishi, na tangu Juni 1998 aliwaketisha Arusha watu ambao hawakutaka kutazamana usoni. Aliwachosha, wakamchosha. Baadhi yao hawakumwamini, wakisema kwamba Tanzania ina upande wake. Naye, aliyepata kukataa kuketi meza moja na Amin, sasa aliketi miezi na miezi na watu waliomshuku. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa ugonjwa wa saratani ya damu, kazi haijakwisha. Nelson Mandela aliipokea, na mapatano ya Burundi yalitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Wazo la Ixtapa nalo lilipata mwili mwaka 1996, katika mapatano ya kukataza majaribio yote ya mabomu ya atomiki. Hata sasa mapatano hayo hayajaanza kutumika kisheria, maana nchi kadhaa ambazo lazima ziyathibitishe hazijafanya hivyo, Marekani, China, India na Pakistan zikiwa miongoni mwao, na Urusi iliondoa uthibitisho wake mwaka 2023. Silaha zilizobaki duniani ni kama 12,000. Walakini vyombo vya kutazama vilijengwa hata hivyo, dunia nzima, zaidi ya vituo 300 katika mpango wake, vya kusikiliza ardhi, bahari na upepo. Kilimambogo, Kenya, pamewekwa cha kupima mitetemo ya ardhi. Dar es Salaam pamewekwa cha hewa. Huvuta hewa mchana na usiku, huishika vumbi yake katika chujio, na vumbi hiyo hupimwa kama ina chembe zitokazo katika mlipuko wa atomiki. Kisha habari zake hupelekwa Vienna, na nchi zote zilizotia sahihi, kubwa na ndogo, zaweza kuzisoma.